Benchi la Mikwaruzo

Siku benchi lilipogonga mara ya kwanza, seremala alisema ni mbao zinakauka. Mwanamume akishasema mbao zinakauka, nyumba nzima inyamaze.

Alikuwa ameliunda kwa paleti, zile chaga za mbao zinazobeba mizigo ghalani. Alipewa bure na shemeji yake, msimamizi wa ghala, kaka wa mkewe. Cha bure kina mwenyewe. Ubao mmoja ulikuwa na mikwaruzo kama ya kucha. Fundi mwenye akili angeupitishia randa. Yeye akaupaka vanishi, eti wateja wanapenda mbao zenye makovu. Akaliweka benchi uani ili mkewe apumzike, kwa kuwa alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kila siku, saa saba kamili mchana, likagonga. Ngo, ngo, ngo. Kisha ikaja harufu ya jasho na magunia. Siku ya nne mke akashikwa na uzito kifuani, hata akiwa jikoni.

"Ni mimba hiyo," seremala alisema.

"Tangu lini mimba ikakaa kifuani?"

Seremala akachukua nyundo alivunje. Kila alipopiga, mkewe alilia ndani kama anayevunjwa mbavu, na nyundo ikamponyoka mikononi.

Mganga alikuja, akanusa ubao, akafunga mkoba wake. "Huyu hataki ubani. Anamtaka mtu. Na msipompa, atamchukua aliye karibu."

Ndipo kaka akaitwa. Alifika anachokonoa meno.

"Kaka, mbao hizi zilimfanya nini mtu?" dada yake alinong'ona, maana sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Mbao ni mbao. Punguza ushirikina."

"Basi kaa."

"Nina haraka."

"Unaogopa benchi, kaka?"

Akakaa. Mwanamume ukimgusa kiburi hukaa hata juu ya makaa.

Saa saba ikafika. Ngo, ngo, ngo, chini ya makalio yake, na harufu ya jasho ikajaa ua wote, na alipotaka kuinuka hakuinuka, kifua kikazama kidogo kidogo kama gunia linalokaliwa, macho yakamtoka, na maneno yakamtoka yenyewe, kwamba paleti zilimwangukia mchukuzi, kwamba yeye alimsikia akigonga chini ya mbao, kwamba ilikuwa saa ya kula na mzigo ulikuwa umeharibika na yeye angeulizwa, kwa hiyo alifunga mlango wa ghala akaenda kula, na aliporudi hakukuwa na anayegonga.

"Nilidhani atajitoa," alisema. Hakusema tena.

Wakamzika. Mke akapumua vizuri, na mtoto akacheza tumboni.

Keshoye, saa saba, seremala yuko kwenye karakana, benchi likagonga. Mara moja tu, kwa woga, kama mgeni asiyejua mlango. Mke akainama, akachungulia chini. Kando ya mikwaruzo ya zamani palikuwa na mipya, imechana vanishi.

"Dada," ubao ulisema, taratibu. "Dada, nifungulie."

Aliweka mkono tumboni. Akakumbuka siku zile alizohema peke yake, na yule aliyechokonoa meno.

Akaingia ndani, akafunga mlango wa uani, akapakua chakula akala.