Nilificha Barua ya Konje ya Mama

Ilianza siku ya Jumanne, saa tatu na nusu ya asubuhi, mbele ya biro, ofisi ya wakubwa wa afya hapa Kasongo. Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari. Sina rafiki wa kumwambia haya... ndiyo maana ninawaandikia ninyi nisiowajua.

Mama yangu ni muuguzi. Miaka minne sasa yeye ndiye mukubwa wa kituo chetu cha afya, mwanamuke wa kwanza pale. Mwanaume aliyemutangulia, akitaka konje, siku zake za likizo, alikuwa anafunga mufuko, anaambia wenzake anaenda kupumzika, anapanda pikipiki. Nani alimuuliza kitu? Hakuna!

Mama hajachukua hata siku moja. Wanaume anaowaongoza wakiomba siku tatu, anawapa palepale. Zake mwenyewe anaziogopa. "Nikitoka kidogo tu," anasema, "watasema si tulijua, mwanamuke hawezi."

Kisha nyanya, mama yake, akaanguka mugonjwa kule Lusangi. Akatuma neno: anataka kumuona binti yake. Mama akaandika barua ya kuomba siku kumi. Aliiandika mara tatu! Kila mara anaongeza samahani nyingine... Alinituma mimi niipeleke, sababu yeye alikuwa na chanjo ya watoto.

Mbele ya biro walikaa wanaume watatu. Wakaniuliza barua ni ya nani. Nikasema ni ya mama, ya konje.

"Si nilisema!" mumoja akapiga mapaja. "Mupe mwanamuke ukubwa, kesho anaomba konje ya tumbo!"

"Kwa umri ule? Basi ni mapacha!"

Wakacheka mpaka machozi. Uso wangu ukawaka moto. Mimi hata darasani siwezi kusimama nikasoma... Sikuingia, nilirudi na barua ndani ya daftari yangu ya hesabu. Nikamwambia mama wamekataa.

Munajua kilichoniumiza? Hakushangaa! Alisema tu, "Nilijua," akaendelea kupanga sindano.

Siku kumi na mbili zikapita. Mutu wa pikipiki akaleta habari: nyanya amekufa. Kwenye matanga mama mudogo alitueleza kwamba nyanya alikuwa anauliza kila pikipiki inayopita kama ndiyo ya binti yake... Kila pikipiki!

Mama alikaa kule siku mbili tu, akarudi kazini. Baba yuko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, tunamuona mara moja kwa mwaka. Ndani ya nyumba tuko wawili, na hatuongei. Anakunywa chai amesimama. Ninataka kumushika mukono, ninaogopa.

Wasichana wenzangu, musijaribu kumukinga mutu kwa uongo! Nilifikiri ninamuokolea mama heshima yake, kumbe ninamunyang'anya mama yake. Na ninyi mama wenye ukubwa kazini, ninawaomba, chukueni siku zenu bila kuomba musamaha. Watoto wenu wanawaangalia. Mimi niliangalia miaka minne, nikajifunza woga.

Jana niliandika mpaka hapa, kalamu ikanishinda.

Leo asubuhi mama alikuwa anavaa blauzi yake nyeupe ya kazi. Nilisimama mulangoni, nikamwambia barua haikufika, wanaume wa mbele ya biro walinicheka nikairudisha. Hakunipiga. Alikaa kitandani, vifungo viwili bado wazi.

"Walisema nini, wale?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Akanivuta nikae kando yake, akanishika mukono.