Tarakimu Moja

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia kwanza kazini kwa mama yake. Alifagia vipande vya ngozi, akapanga kalibu za kuundia viatu kwenye rafu, kisha akageuza ndoo, akaikalia na kufanya kazi za shule. Jina hilo la utani alipewa na wenzake darasani. Alikuwa wa kwanza kumaliza kila zoezi, na wa kwanza kurudishiwa daftari lililojaa wino mwekundu.

Mama yake alikuwa fundi viatu. Mafundi wa kushona viatu vilivyochanika walikuwa wengi, lakini yeye alijua kazi ya pekee. Aliwatengenezea viatu watu wenye mguu mmoja mfupi. Aliongeza soli kidogo kidogo, akimtembeza mteja huku na huku, mpaka mtu huyo atembee bila kuyumba.

Shida ilianza jengo la soko lilipovunjwa. Mama alihamia chumba kidogo mwishoni mwa ujia, nyuma ya duka la dawa. Wateja walikwenda sokoni, wakakuta kifusi, wakarudi zao. Waliomtafuta kwenye simu walisoma maneno mawili: "Imefungwa kabisa."

"Nimefungwa?" mama alishangaa alipoonyeshwa. "Basi hapa amekaa nani, mzimu wangu?"

Chapuchapu alicheka. "Hizo ni orodha za biashara mtandaoni, mama. Mwalimu wa kompyuta ametufundisha. Unaandika jina la biashara, mahali ilipo, saa za kazi na namba ya simu. Mtu akitafuta fundi, anakuona. Niachie mimi."

Kesho yake, katika chumba cha kompyuta cha shule, alimwandikisha mama upya kwenye orodha ya kwanza, akanakili maelezo yale yale kwenye nyingine mbili, akabonyeza "Tuma". Wenzake walikuwa bado wanatafuta herufi.

"Umehakiki kila kitu, mwanangu?" mama aliuliza jioni.

"Nimehakiki vyote, mama."

Hakuwa amehakiki hata kimoja.

Wiki ya kwanza simu haikulia. Mama aliiweka juu ya meza, kioo kikitazama juu, akawa anaichungulia kila baada ya mshono. Wiki ya pili alitoka nayo hadi barabarani, akidhani ujia unazuia mtandao. "Labda siku hizi watu hawana miguu," alisema. Safari hii Chapuchapu hakucheka.

Jumatatu iliyofuata Chapuchapu alifungua orodha zile shuleni. Namba ya mama iliishia na tisa, naye aliandika sita. Kwenye orodha zote tatu! Alisahihisha haraka. Yakatokea maandishi: mabadiliko yatakaguliwa kwa muda wa siku saba.

Siku saba si nyingi, alijiambia. Simu zitaanza kuingia, na mama hatajua kitu. Akanyamaza.

Alhamisi alimkuta mwanamume mgeni akiikagua cherehani kubwa ya mama ya kushonea viatu, ile ya chuma.

"Nimeiuza," mama alisema bila kumtazama. "Wiki ijayo naanza kufua mashuka hospitalini. Tumetangaza, tumengoja, hakuna aliyepiga. Basi watu hawanihitaji tena."

Mgeni yule na mwenzake waliibeba cherehani. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu yake. Alipoziona, machozi yalimtoka.

"Mama, watu wamepiga," alisema. "Wamepiga kwa mtu mwingine. Nilikosea namba. Nimejua tangu Jumatatu."

Mama aliketi. Kisha alimsogezea simu. "Piga hiyo namba uliyoiandika."

Mzee mmoja alipokea kwa ukali. "Fundi viatu tena? Mimi nafuga kuku! Wiki mbili sipati usingizi wa mchana kwa ajili yenu!"

"Shikamoo, babu. Mimi ndiye niliyekosea. Naomba utusamehe," Chapuchapu alisema huku akilia.

Mzee alishusha pumzi. "Marahaba. Usilie. Namba zao bado zimo humu. Andika."

Alimsomea namba za watu tisa. Chapuchapu aliziandika polepole, akazirudia moja moja. Mama akaanza kupiga. Wanne walikuwa wamekwisha kwenda kwa mafundi wengine. Watatu hawakupokea. Mmoja alisema hana shida tena, akakata. Wa mwisho alikuwa mama wa msichana wa miaka minane mwenye mguu mmoja mfupi; mama huyo alikuwa amepiga mara tatu na kukata tamaa.

Walikuja Jumamosi. Bila cherehani, mama yake Chapuchapu alishona kwa mkono, kwa msharasi na uzi wa nta, na kazi ya siku moja ikachukua siku tatu. Chapuchapu alivuta uzi mpaka vidole vikachubuka. Msichana alipovivaa viatu vyake, alitembea hadi mwisho wa ujia, akageuka, akarudi mbio.

Siku saba zilipokwisha, simu ilianza kulia, ingawa kwa nadra. Cherehani haikurudi. Mama alifua mashuka asubuhi, na chumba kikafunguliwa alasiri tu. Chapuchapu alipokwenda kubadilisha saa za kazi mtandaoni, mama alikaa kando yake, akamshika bega.

"Kila mtu hukosea tarakimu," alisema. "Hata mimi nimekata ngozi vibaya mara nyingi. Ungeniambia Jumatatu, tungempigia yule mzee siku hiyo hiyo, na cherehani ingekuwepo. Kosa lako halikuiondoa, mwanangu. Iliondoka katika siku zile ulizonyamaza."