Kiti cha Mjomba

Kompyuta ilisema wageni ishirini na watatu. Darasani walikuwamo wanafunzi ishirini na wawili.

Mwalimu Zenobia Colque aliwahesabu mara mbili kwa kidole. Chuo chao pale Oruro, Bolivia, hakikuwa na basi la kuwapeleka wanafunzi machimboni, na hata lingekuwapo, wachimbaji wa zamani hawapendi mwanamke aingie mgodini. Wanasema madini hujificha. Ndiyo maana Severo, mdogo wake, aliingia na kamera katika mgodi wa bati anamofanya kazi, akapiga picha hatua kwa hatua, naye Zenobia akaziunganisha. Sasa mwanafunzi alikaa kitini, akabonyeza, kompyuta ikamhesabu mgeni, akatembea chini ya ardhi akiichunguza miamba.

Kitu kimoja tu alikuwa amekifuta, Ijumaa iliyopita. Katika kituo cha saba palikuwa na sanamu ya Mjomba, lile jini lenye pembe ambalo wachimbaji huliwashia sigara na kulipelekea majani ya koka kila Ijumaa. Zenobia aliona haya. Wakaguzi wa vyuo waliokuwa waje kuona kazi yake wangemcheka, msomi mzima na shetani wa udongo! Akabakiza jiwe tupu lililokuwa kiti chake.

"Nani kajiingiza mara mbili?" aliuliza.

"Si mimi, Mwalimu," alijibu Wilmer, mtundu wa safu ya mbele. "Labda yule mzee."

"Mzee gani?"

"Wa kituo cha saba. Nimepita pale, akaniomba kiberiti."

Darasa likaangua kicheko. Zenobia hakucheka. Chumba kilinuka sigara, na madirisha yote yalifungwa kwa sababu ya baridi. Alimkagua Wilmer mifuko, hakukuta kitu.

Basi shaka ikamhamia Severo. Si ndiye aliyemgombeza aliposikia anataka kuifuta sanamu ile? Akatoka darasani, akampigia simu.

"Severo, acha mzaha. Umeniwekea nini kwenye picha?"

"Mzaha gani, dada?" Severo alinong'ona. "Huku hakuna anayecheka. Sanamu haipo. Tangu Ijumaa tunakuta jiwe tupu, na wenzangu wananitazama mimi niliyeingia na kamera. Dada... umemfuta?"

"Ni picha tu, Severo."

"Umemfuta! Umemtoa kwake, sasa akae wapi? Mrudishe, nakuomba. Zamu yangu inaanza saa nane."

Alikusudia kumrudisha, Mungu shahidi. Lakini wakaguzi walikuwa njiani, na moyo wake ulimwambia mdogo wake anamtishia nyau ili apate lake. Wakishaondoka, alijisemea.

Wakaguzi walisifu, wakanywa chai, wakasifu tena. Mmoja alikohoa akauliza nani anavuta sigara. Walipoaga, na wanafunzi wakatawanyika, saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

Zenobia aliogopa sasa, aliogopa kwelikweli, akairudisha sanamu pichani, akamwaga pombe kali sakafuni, akatandaza majani ya koka mbele ya kompyuta, akawasha sigara na kuiegemeza kwenye kisahani, akaomba radhi kwa Kikechua cha mama yake, na sigara ile ikaanza kuvutwa, moto wake ukiwaka na kufifia, ukiwaka na kufifia, bila upepo na bila mdomo, mpaka ikabaki majivu.

Alitazama idadi ya wageni. Mmoja. Huyo alikuwa yeye mwenyewe. Akashusha pumzi, akafuta machozi kwa kiganja.

Alipotazama tena, walikuwa wawili.

Akabonyeza kwenda kituo cha saba. Mjomba alikuwa ameketi kwenye jiwe lake, na kando yake alisimama mwanamume mwenye kofia ya mgodini, amewapa watazamaji mgongo. Zenobia aliujua mgongo ule. Severo hakuwamo katika picha hata moja. Yeye ndiye aliyeshika kamera.

Akampigia simu.

Mlio wa simu ya Severo, ule wa tarumbeta za kanivali, ulisikika kutoka ndani ya kompyuta. Mwenye kofia hakugeuka. Aliyegeuka ni Mjomba.