Uzi wa Bibi Riffat

Kilichomshangaza Tehmina kwanza ni kwamba yule binti hakusikia maumivu. Nyusi hutindwa kwa uzi, na uzi huuma. Hata wanawake waliozaa watoto saba hutokwa na machozi ukikaribia pua. Lakini Mahnoor alilala chali, macho wazi, akilitazama panka la darini, na vinyweleo vikang'oka vyote bila yeye kupepesa kope. Tehmina alipovipangusa kwa kidole alivikuta vimelowa, na vilikuwa na harufu. Alidhani ni mafuta ya waridi, kisha akasikia chini ya waridi harufu nyingine, kama maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni wiki nzima.

Hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu katika kazi. Mume alipomwacha alirudi mjini Multan kwa mama yake, katika vyumba viwili karibu na Lango la Haram, akanunua mkoba mweusi, nta, krimu na vitana, akaanza kupita majumbani kuwapamba wanawake wasiopenda kwenda saluni. Mikono aliifunza kwa mdogo wake, Nayab, mwenye miaka ishirini na mbili. Kila akitaka kujaribu kitu kipya, Nayab alijitupa mkekani na kusema, "Haya, dada, nitese."

Mama yake Mahnoor, Bibi Riffat, alikuwa amesimama mlangoni muda wote akiwatazama.

"Bado unajifunza, mwanangu?"

"Ndiyo naanza, Bibi."

"Si vibaya. Wanaoanza hawana haraka. Na nyumbani unamfanyia nani mazoezi?"

"Mdogo wangu."

"Ameolewa?"

"Bado. Harusi ni baada ya Idi kubwa."

Bibi Riffat akatabasamu, akamwambia arudi Alhamisi ijayo, alasiri.

Alhamisi ile Tehmina alikuta nyusi za Mahnoor zimeota zote, nene, zimekutana katikati kama hazijawahi kuguswa. Bibi Riffat alipotoka kwenda kuleta chai, binti akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, na nje kulikuwa na jua la kuunguza.

"Dada," alinong'ona, "mama akikupa uzi, usiupokee."

"Uzi gani?"

Viatu vikasikika ukumbini. Mahnoor akauachia mkono, akarudisha macho kwenye panka.

Bibi Riffat aliweka chai mezani, na kando ya kikombe akaweka donge la uzi mweupe. "Jaribu huu. Wa kwako niliona unakatikakatika." Ni kweli ulikuwa ukikatika. Tehmina aliona aibu kukataa zawadi mbele ya mwenye nyumba, na maneno ya Mahnoor akayachukulia kuwa ya mtu mgonjwa. Akauma ncha moja ya uzi kwa meno, kama ilivyo kazi yenyewe. Ulikuwa na ladha ya chumvi, nao ulikuwa na joto, kana kwamba umetoka sasa hivi kinywani mwa mtu mwingine.

Mara hii Mahnoor alilia. Alilia kwa maumivu, na mama yake kule mlangoni akalia kwa furaha.

"Imeuma, mwanangu? Imeuma kweli?"

"Imeuma, mama."

Wakakumbatiana mbele ya mgeni bila haya. Tehmina akakusanya vitu vyake akijisemea kwamba matajiri wana mambo yao. Bibi Riffat alimfuata hadi nje akamtia lile donge mkononi. "Nenda nao, ni wako. Kamtinde mdogo wako leo leo, kabla ya magharibi."

Na jioni ile Nayab alijilaza mkekani kama kawaida. Tehmina alipomaliza upande wa kwanza, mdogo wake akasema bila kufumbua macho, "Leo haiumi hata kidogo, dada. Umekuwa fundi."

Tehmina akaacha uzi ukadondoka. Harufu ya maua mabovu ilikuwa imeshajaa chumbani.

Kwanza Nayab aliacha kula mbele za watu. Kisha akaacha kujifunika nywele, akawa anakaa dirishani kila jua likichwea, nywele zimemwagika mgongoni, zinameremeta kama zimepakwa mafuta na mkono usiochoka. Mchumba wake, Waqas, alipiga simu siku moja akajibiwa na sauti ya mwanamume, pole, ya mtu aliyeshiba, iliyomtaja kwa jina na jina la baba yake na kumwambia asijisumbue, mke ameshapata mwenyewe. Na Tehmina, ambaye alikuwa akilala chumba kimoja na mdogo wake tangu utoto, alisikia magharibi moja sauti ya kitana kikipita kwenye nywele taratibu, kikipanda na kushuka, kikikwama kwenye fundo na kulifungua kwa upole, akasukuma mlango ili amwambie Nayab mama anamwita, na Nayab alikuwa amekaa mgongo umemwelekea, mikono yake miwili imelala mapajani, na kitana kilikuwa juu ya kabati, na ile sauti ilikuwa ingali inaendelea.

Walimwita Hafidh Bashir, muuza miwani aliyejulikana mtaani kwa kusomea watu waliopandwa na majini. Alisomea siku mbili. Siku ya tatu alifunga kitabu, akaomba maji, akanywa yote kabla ya kusema.

"Huyu hatoki, anahama tu. Mlimpokea kwa njia gani?"

Tehmina akamwonyesha donge la uzi. Mzee hakuligusa.

"Ndiyo njia yenyewe. Ukimtinda aliye naye kwa uzi huu, anaingia ndani ya uzi. Ukimtinda mwingine, anaingia kwa huyo. Asipopewa mtu kabla ya magharibi, anarudi alikotoka."

"Basi nikishamtoa niuchome."

"Usithubutu. Uzi ukiungua, popote alipo, atakaa kwa mtu wake wa mwisho mpaka mwili ule uzikwe. Hapo hakuna tena wa kumtoa, si mimi wala mwingine."

"Na mimi je? Nijitinde mwenyewe, nimchukue mimi."

Hafidh Bashir akatikisa kichwa. "Umeshawahi kuolewa. Huyu anataka wanawali."

Tehmina alijaribu hata hivyo: alimtinda Nayab, kisha akajitinda mwenyewe mbele ya kioo, akajiumiza hadi damu ikatoka, na ilipofika magharibi kitana kikasikika kwa Nayab kama kawaida. Alikwenda kwa Bibi Riffat akakuta geti limefungwa. Mlinzi alisema binti ameolewa Karachi na familia yote imehamia huko.

Jioni ile mama yao alimkalisha jikoni. Alikuwa mwanamke mpole, asiyejua hata kugombana na muuza mboga.

"Kesho una kazi?"

"Nina bibi harusi mmoja, mtaa wa Gulgasht."

"Basi nenda na ule uzi."

"Mama, yule ni mtoto wa watu."

"Najua ni mtoto wa watu. Wangu ni huyu." Hakupandisha sauti. "Watu wana mama zao, watawahangaikia."

Asubuhi Tehmina alimtinda Nayab. Nayab akapiga yowe la maumivu, akamkumbatia shingoni, akaomba chapati na mayai. Kwa ajili ya yowe lile Tehmina alichukua mkoba, akaenda.

Bibi harusi aliitwa Anmol. Alikuwa mcheshi, mdomo haufungi, mikono yote miwili imejaa hina mbichi, hivyo akawa anamwelekeza mdogo wake amtie mgeni kipande cha halua kinywani. "Kula, dada. Unatetemeka kama wewe ndiye unayeolewa." Tehmina alikula. Kisha akauma ncha ya uzi. Anmol alikuwa katikati ya kisa cha mama mkwe wake wakati uzi ulipopita mara ya kwanza, akanyamaza. Macho yake yalipanda darini, yakabaki huko.

Wiki ile Nayab alicheka, akalala, akazungumza na Waqas kwa simu hadi salio likaisha. Lakini habari hutembea. Ikasemwa sokoni kwamba bibi harusi wa Gulgasht amerudishwa kwao siku ya pili, kwamba hajifuniki nywele, kwamba mama yake anazunguka kwa waganga kama mwendawazimu. Nayab alirudi na habari hiyo pamoja na nyanya alizotumwa. Akaweka kikapu chini.

"Ni wewe?"

Tehmina aliendelea kuosha vyombo.

"Dada. Nakuuliza."

"Ulitaka nifanye nini? Ulikuwa unakufa mbele yangu."

"Sikuwa nakufa. Nilikuwa nipo, nasikia kila kitu. Nakuona unalia na siwezi kuinua hata kidole. Na yeye ananiita mke wangu, mke wangu, mchana kutwa." Nayab alikaa sakafuni. "Anaitwa nani?"

"Achana nalo."

"Jina lake tu."

"Anmol."

Nayab aliinuka. Alisaidia kumenya vitunguu. Siku iliyofuata Tehmina alirudi kutoka kwa mteja akaukuta mkoba wake wa akiba, alimouficha uzi, umefunguliwa na donge halimo. Alikimbia hadi barabarani, akapanda bajaji ya kwanza, na alipofika Gulgasht mama yake Anmol alimpokea mlangoni kwa machozi ya shukrani. Alisema msichana mmoja alikuja, akajitambulisha kuwa fundi wa nyusi, akamtinda binti yake, na mtoto akalia kama mtoto. Kisha yule msichana akakaa mbele ya kioo akajitinda mwenyewe, akaomba kiberiti, akachoma uzi kwenye sinia mpaka ukawa jivu. Hakukubali hata chai.

Tehmina alimkuta nyumbani, amekaa dirishani, nywele wazi.

"Nayab."

"Ishia hapo hapo, dada." Ilikuwa bado sauti yake, lakini ilitoka kwa shida, kama ya mtu aliyebebeshwa mzigo kichwani. "Bado kidogo ni mimi. Mwambie Waqas asinisubiri. Na Anmol wasimwambie amehamia kwangu."

Jua likachwea. Kitana kikaanza.

Kazi ya kupamba Tehmina ameiacha, mkoba aliuuza. Mama yao ndiye anayempelekea Nayab chakula. Mwanzoni alikuwa akiweka sahani moja mlangoni, na magharibi ikawa inarudi imevunjika vipande viwili vilivyo sawasawa. Siku hizi anaweka sahani mbili, na zote mbili hurudi tupu.