Mashati ya Wateja

"Dada, na mimi umenihesabu?"

Afisa mipango miji hakuinua uso. Alikuwa kwenye benchi mkabala na kituo cha basi, fomu mapajani, akipiga mstari kwa kila aliyenunua tunda na kwa kila aliyenunua chipsi. Manispaa ilitaka kujua kama kiwanja cha pale kona kiwe soko la mboga na matunda au maegesho ya magari. Yeye alitaka soko. Kisukari kilikuwa kimemchukua mama yake mwaka jana, na tangu msiba ule moyo wake ulikufa ganzi. Alihesabu mikono, hakutazama nyuso.

"Nimekuhesabu, kaka. Papai moja."

"Kesho nakula mawili, mradi uniandike."

Alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia shingoni, ulimi mwepesi. Wiki ya pili akawa anapiga simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umecheka?"

"Bado."

Afisa hakujua kama anampenda. Alijua tu kwamba simu isipolia, anaitazama.

Hesabu ya matunda ikapanda vizuri, mpaka siku muuza matunda alipomwambia, "Mwanangu, mchumba wako atapasuka tumbo. Leo kaja mara sita, kila mara na shati jingine. Mashati ya wateja wake!"

Afisa alikwenda kwa mkuu wake akaifuta hesabu yote. Mkuu akampa wiki moja ahesabu upya. Matunda yakishindwa, wanajenga maegesho.

"Nilitaka upate soko lako," fundi alisema kwenye simu.

"Umeniharibia kazi, kaka."

Afisa hakulia, hata hasira haikuja. Siku nne simu iliita, akawa anaitazama tu.

Jumatatu fundi akaja na shati lake mwenyewe, limepauka, kifungo kimoja hakipo.

"Niambie nisimame wapi nisikuharibie tena."

Afisa akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza. Kumbe alikuwa na kovu dogo kidevuni. Akasogea kwenye benchi.

"Kaa huku kwangu. Anayehesabu hahesabiwi."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka nikufukuze. Na sitakufukuza."

Basi likashusha watu.

"Chipsi," fundi alisema kinyonge.

Akapiga mstari.

"Chipsi tena, mpenzi. Pole."

"Usinipe pole. Hesabu."

Akapiga mwingine kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa ndani ya kiganja cha fundi, na taratibu akaanza kulisikia joto lake.