Pete ya Mpira kwenye Mkufu wa Mama

“Sindano moja tu, Fortunée, miezi mitatu unapumzika...”

“Simone, nimesema...”

“...haiumi kupita mbu, na bwana yako hata hatajua...”

“Mimi nitajua. Hapana ni hapana.”

“Weye iko mukaidi kama Mama yetu.”

“Na weye iko na mudomo kama Papa yetu. Bon, tuko sawa. Nipe chumvi.”

Mama yangu na Tantine Simone hawangoji zamu. Wanaongea pamoja, na ajabu ni kwamba kila mmoja anasikia yote ya mwenzake. Tantine ni mdogo wake Mama. Ni muuguzi katika kituo cha afya, na kila Alhamisi akitoka kazini anapita kwetu Mangobo kula lituma, ndizi za kuchemsha na kupondwa. Mimi Gracia, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye ninayemenya ndizi za hiyo lituma, kwa hiyo magomvi yao nayasikia toka mwanzo mpaka mwisho, bila kulipa kiingilio.

Kwa kawaida wanagombana juu ya vitu vidogo: nani alipoteza sufuria ya bibi, nani anaimba vibaya kanisani. Hayo yananichekesha. Ya siku ile hayakunichekesha.

Mwaka jana, Mama alipomzaa Noël, damu ilikataa kusimama. Wanaume watatu wa shirika letu, yaani zile familia za jirani tunazosali nazo pamoja, walikimbia hospitali kutoa damu yao. Mama alilala pale wiki tatu. Siku ya kutoka, daktari alimwambia wazi mbele ya Papa kwamba mimba nyingine kabla ya miaka miwili inaweza kumuua. Noël sasa ana miezi kumi na mmoja.

“Ni mimi nilikushika mukono siku ile,” Tantine alisema. “Ulikuwa baridi kama samaki ya barafu. Donc usiniambie nifunge mudomo.”

Mama aliacha kutwanga pondu, yale majani ya muhogo, pale uani.

“Sikuambii ufunge. Sikiliza tu. Siku ya ndoa, padri aliniuliza kama nitapokea watoto Mungu atanipa. Nilijibu ndiyo mbele ya watu. Mungu mwenyewe aliweka ndani ya mwili wa mwanamke siku za kushika mimba na siku za kupumzika. Nikizifuata zile siku, nafanya kazi pamoja naye. Nikifunga mwili na dawa, ni kama kumwambia alitengeneza vibaya.”

“Na mimi nilibatizwa kama weye. Mungu huyo huyo alinipa akili ya kushika sindano. Wamama wangapi wa kwaya yenu wanakuja kwangu asubuhi, rosari mukononi?”

“Siwahukumu. Kila mutu atajibu yake. Mimi nasema yangu. Na kitu kingine. Ukinichoma sindano, nabeba mimi peke yangu. Lambert atabeba nini? Lakini tukingoja, tunangoja wawili.”

Tantine alichukua ndizi, akaanza kumenya pamoja nami. Sikuwahi kuona hiyo.

Lambert ni Papa. Ananunua samaki waliokaushwa kule Yanonge na kuwauza hapa Kisangani. Tena yeye ndiye anaongoza mikutano ya wanandoa katika shirika. Siku ya Pasaka alimkataza Tantine kusema habari za kazi yake mbele ya watu wetu. “Sanduku lako la dawa libaki kule kwa kazi,” alimwambia. Tangu siku ile wanasalimiana kwa kichwa tu, kama mbuzi wawili kwenye njia nyembamba.

“Sawa,” Tantine alisema mwishowe. “Unatumia mukufu. Mukufu ni muzuri, mimi mwenyewe naufundisha. Lakini unasogeza pete kila siku?”

“Kila asubuhi. Angalia.” Mama alinyoosha kidole kwenye msumari ndani, pembeni ya mlango. “Imeshapita nyeupe yote, iko kwa kahawia. Na Papa Gracia anarudi leo. Tumemaliza kungoja.”

Kisu changu kilisimama ndani ya ndizi.

Ule mkufu naujua. Nilipofika miaka kumi na miwili, Mama alinikalisha akanieleza habari za mwili, na akaushusha msumarini kunionyesha. Una shanga thelathini na mbili na pete ndogo ya mpira. Siku ya kwanza ya damu ya mwezi, unaweka pete kwenye shanga nyekundu. Kila asubuhi unaisogeza shanga moja. Kwenye shanga za kahawia, si rahisi mimba kuingia. Kwenye zile nyeupe kumi na mbili, mimba inaweza kuingia, na wazazi ambao hawataki mtoto kwa wakati huo wanangoja, kila mtu na usingizi wake. “Si uchawi,” Mama alisema. “Ni kuhesabu tu. Lakini ukikosea kuhesabu, mukufu hauna macho ya kukuambia.”

Nilisikia vizuri. Hata hivyo, Jumamosi iliyopita tulikuwa na fête, sherehe ya shule, na katika mchezo wetu mimi nilikuwa mke wa mfalme. Mke wa mfalme bila shanga ni nini? Niliushusha mkufu Mama akiwa sokoni, nikaufunga kwenye paji la uso. Mfalme alikuwa Franck, rafiki yangu wa darasani, na alipokufa alianguka vibaya, akanivuta kichwa. Pete ikaruka. Watu walicheka mpaka benchi moja ikavunjika. Franck aliipata pete chini, akaiweka kwanza puani mwake ili wacheke tena, kisha akanirudishia.

Nilipofika nyumbani niliirudisha kwenye mkufu. Wapi? Kwenye nyeupe, hapo hapo karibu na mwisho. Nilijiambia shanga moja mbele au moja nyuma si kitu. Na kwa sababu Papa alikuwa Yanonge wiki mbili, Mama hakuwa na sababu ya kuhesabu. Kila asubuhi, Noël akilia mgongoni, alipapasa tu pete na kuisogeza mbele.

“Gracia, ndizi zinakungoja,” Mama alisema.

“Naenda kuchukua sahani.”

Nilikimbia ndani na kuushika mkufu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kurudisha pete nyuma kidogo kidogo, Mama aone nyeupe, anyamaze, na mimi ninyamaze. Lakini nyuma kwa shanga ngapi? Tatu? Nane? Mdogo wangu Gédéon alikuwa amelala kwenye mkeka akinitazama.

“Unauvaa tena?” aliuliza. “Leo unaolewa na mfalme gani?”

“Nyamaza. Jumamosi, kabla sijaushusha, pete ilikuwa wapi?”

“Mimi niko polisi wa pete?” Kisha akaniangalia vizuri, akakaa. “Yaya,” akaniita, kama mdogo anavyomwita dada yake, “ni kitu kibaya?”

Kichwani niliona mkono wa Mama ukiwa baridi kama samaki wa barafu. Nikaona pia kitu kingine. Nikisema ukweli, Tantine atashinda. Atasema: unaona, mkono wa mtoto tu, na mkufu wako umekwisha. Mama atashindwa neno lake mbele ya mdogo wake, na mimi ndiye nitakuwa nimemwangusha. Nikinyamaza, Mama anashinda leo. Na mwezi ujao?

Kengele ya baiskeli ililia nje. Ilikuwa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, imemleta Papa, na Gédéon akaruka kumpokea. Nilimsikia Papa akisalimu na kushusha vikapu. Nilijua kwamba nikimwacha aketi, anywe maji, aanze habari za Yanonge, sitasema tena. Nilitoka na mkufu mkononi.

“Mama, pete hii haiko kwa nafasi yake.”

Wote waliniangalia. Papa alikuwa bado na kikapu begani.

“Jumamosi niliuvaa mukufu wako kwa fête,” nilisema. “Pete ilianguka. Niliirudisha kwa kukisia. Halafu nikanyamaza. Na sasa hivi nilitaka kuisogeza tena bila kukuambia.”

Tantine alivuta pumzi.

“Simone, ngoja,” Mama alisema kwa sauti ndogo. Alipangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akaingia ndani, akatoka na kalenda ya parokia. Kwenye tarehe nne kulikuwa na alama ya kalamu nyekundu: siku ya kwanza. Alhamisi ile ilikuwa tarehe kumi na nane. Mama alishika mkufu akahesabu kwa sauti, kuanzia shanga nyekundu, na sote tulihesabu naye moyoni. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kidole chake kilisimama kwenye shanga nyeupe.

“Na mbele yake nyeupe bado nne,” Tantine alisema polepole.

Papa aliweka kikapu chini. Samaki mmoja aliteleza mpaka kwenye mchanga na hakuna aliyemwokota.

“Lambert,” Mama alisema, “weye unafundisha wanandoa kila mwezi. Niambie, kabla mutoto hajagusa, pete ilikuwa wapi?”

Papa aliangalia mkufu, halafu samaki. “Ile ni kazi yako, Fortunée.”

“Eh. Na mimi leo nimejivuna mbele ya Simone kwamba tunangoja wawili. Kumbe tunangoja wawili, na anayehesabu ni mumoja.”

Papa alivuta kigoda, akaketi.

“Mimi nasema tu,” Tantine alisema, “sindano yangu hakuna mutoto anaweza kuivaa kwa fête.”

Mama alijizuia, akashindwa, akacheka. Tantine naye akacheka huku machozi yakimtoka, nikajua aliogopa kuliko mimi. Kisha Mama akafuta uso.

“Hata hivyo sitachomwa, Simone. Mukufu haukukosa kitu. Ni shiye wenyewe tulikosa.” Aliirudisha pete kwenye shanga nyeupe ya nane, akanigeukia. “Gracia, kesho na siku zote za wiki hii sufuria ni zako, na maji pia. Hiyo ni kwa kushusha kitu cha mutu bila kuomba. Kwa kusema ukweli mbele ya watu wote, sikupi zawadi, kwa sababu ukweli si kazi ya kulipwa. Lakini sikiliza vizuri. Umefanya kosa moja Jumamosi, kosa la mutoto. Kunyamaza siku tano, hilo ndilo lingeniua. Kosa likisemwa mapema, watu wanakaa, wanahesabu tena, wanalitengeneza. Likifichwa, linaendelea kutembea peke yake kila asubuhi, na hakuna anayeliona. Umesikia?”

“Nimesikia, Mama.”

“Bon. Maliza ndizi.”

Nilimaliza ndizi. Tulikula lituma, isipokuwa Noël aliyeipaka kwenye nywele zake. Papa hakula sana. Alikuwa ameuchukua mkufu na kuuweka gotini, anapitisha shanga moja moja chini ya kidole gumba, midomo ikitembea. Mara mbili alipotea akaanza upya kwenye nyekundu. Gédéon alitaka kumsaidia, Mama akamkanya kwa jicho.

Tantine alisimama, akachukua mkoba wake. Alimuaga Mama, akanifinya sikio, na mbele ya Papa akainamisha kichwa kidogo tu, kama desturi yao tangu Pasaka.

“Shemeji,” Papa alisema.

Tantine aligeuka. Mama naye aliacha sahani.

“Jumapili, baada ya misa, kuja kwa shirika yetu. Leta mukufu mumoja kwa kila mwanaume, ukae mbele, utufundishe kuhesabu. Anza na mimi.”