Nyumba Isiyoingia Nyama

Supu ya dengu haigandi mafuta. Mpishi yeyote anajua hilo, na Mama Kabichi alijua kuliko wote, maana alikuwa ameipika kila siku kwa miaka saba. Ndiyo maana Alhamisi ile, alipoinua sahani ya mwalimu mstaafu na kuona utando mweupe umeganda ukingoni, aliigeuzia kwenye mwanga aitazame tena.

"Leo umetia nini humu?" mwalimu aliuliza, akiramba kijiko. "Kama nisingekujua ningesema umechemsha mfupa."

"Ni dengu tu, mwalimu."

"Basi dengu za leo zimefaulu mtihani."

Mkahawa wenyewe ulikuwa sebule yake. Viti havikufanana hata viwili, na kimoja kilikuwa cha kinyozi, kinazunguka, watu wazima na mvi zao wakakigombea. Kila mteja alileta sahani yake kutoka nyumbani, ikakaa rafuni ikimngoja. Mlangoni paliandikwa: UKITAKA NYAMA, NENDA KWA JIRANI. Wateja walicheka, wakasema mama huyu ana vituko.

Havikuwa vituko. Binti yake wa pekee alipandwa na jini akiwa na miaka kumi na mmoja. Walimkuta ameinamia karai la kuku aliyechinjwa, anakunywa damu na kuongea kwa sauti ya mwanamume. Mganga mmoja mpole, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alihangaika naye siku tisa akashindwa kumtoa yule jini. Aliweza kumlaza tu. "Asionje damu ndani ya nyumba hii," alisema, "naye hataamka. Siku akionja, niite hapo hapo." Mama hakuwa na kazi nyingine aijuayo zaidi ya kupika, basi akapika majani na nafaka. Binti alikua, akawa mhudumu, mcheshi, anayejua sahani ya kila mtu bila kuuliza.

Sasa mama alikitazama kidole chake. Asubuhi, akikatakata kabichi mbio mbio, kisu kilikuwa kimempata. Alifanya kama wapishi wote wafanyavyo: alikizungushia kitambaa akaendelea na kazi. Kitambaa kilikuwa kimelowa damu hadi inadondoka.

Jikoni kulinuka kama bucha lililokatikiwa umeme. Binti alisimama amempa mgongo, anakwangua sufuria kwa kucha.

"Mwanangu," mama alinong'ona.

"Kesho tena, mama." Sauti ilikuwa yake, ile ile ya kuomba ruhusa.

"Ni nani anayesema?"

"Sote wawili."

Ijumaa alipika, kila kisu kimechemshwa, kila kitambaa kimefuliwa. Wateja walionja wakasukuma sahani. "Leo haina kitu," fundi saa alisema polepole, lakini hakuondoka. Hakuna aliyeondoka. Walikaa wakiutazama mlango wa jikoni, watu wale wale waliozoea kutaniana kuhusu kiti cha kinyozi, sasa kimya, na sahani za rafuni zikaanza kugongana zenyewe, moja baada ya nyingine, toka mwanzo wa rafu hadi mwisho, na ile harufu ikatoka ukutani na sakafuni na kwenye nywele za mama mwenyewe, na alipokimbilia jikoni alimkuta binti amepiga magoti kando ya sufuria, ameutafuna mkono wake mwenyewe, damu inachuruzika ndani ya supu, macho yakimwomba mama msaada huku mdomo ukicheka.

Alimwaga supu yote, akawatoa wateja kwa kuwasukuma, akampigia simu mganga.

"Alionja lini?" mganga aliuliza.

"Jana. Nilijua jana. Nikajidanganya kuwa itapita."

"Kesho kabla ya adhuhuri nitakuwa hapo. Usipike. Na mtoto asikaribie jiko."

Jumamosi mama alimfungia binti chumbani, akafunga mlango wa mbele, akaenda kumpokea mganga kituoni. Magari yalikuja yakaondoka. Jua lilifika utosini na mganga hakushuka kwenye hata moja. Alirudi nyumbani akikimbia, kiatu kimoja mkononi, akimwomba Mungu amwachie huyu mmoja tu, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Mlango ulikuwa wazi. Meza zote zimejaa, na hakuna aliyeongea, zinasikika sauti za vijiko tu. Kwenye kiti cha kinyozi alikaa mganga, aliyekuwa amepitia njia ya nyuma. Miwani yake ilikuwa na ukungu wa mvuke.

"Keti, mama," alisema kwa upole ule ule wa zamani. "Umenitisha bure. Mtoto ni mzima kabisa."

"Baba, umekula nini?"

"Supu." Alimnyooshea sahani amwongezee. "Kwa nini umeninyima supu hii miaka saba?"

Binti alikuja kuipokea ile sahani. Bandeji ya mkono alioutafuna ilikuwa imefunguka, uso umekuwa mweupe kama unga. Alishika bega la mama asianguke, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alizungumza yeye mwenyewe, bila jini.

"Mama, yangu inaisha. Na bado wana njaa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alimkalisha binti, akamfunga bandeji vizuri, akambusu kwenye paji la uso. Kisha akaingia jikoni, akachukua kisu cha kabichi, akakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko.

Mkahawa haujafungwa. Binti amenenepa kidogo na anahudumu kwa furaha. Mama huvaa mikono mirefu hata wakati wa joto, na siku hizi hupika akiwa ameketi. Kibao cha mlangoni bado kipo, wateja bado wanacheka wakikisoma. Rafuni imeongezeka sahani moja nyeupe, pana kuliko zote. Mganga ameleta yake.